Kula Ndani ya Saa Maalumu Bila Kuvuruga Hedhi: Mwongozo kwa Mwanamke Kijana

Kula ndani ya saa maalumu ni utaratibu wa kukusanya milo yote ya siku katika kipindi kimoja cha saa 8, 10 au 12, kisha kukaa bila kula chochote chenye nishati hadi kesho yake. Anayeufuata haambiwi ale nini wala ale kiasi gani, bali huambiwa tu ale lini, na wepesi huo ndio uliowavutia wasichana wengi wa mijini waliochoshwa na kupima chakula kwa vijiko na kuhesabu kalori. Wepesi huohuo ndio wenye hatari, kwa sababu mwili wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hufuatilia pia kiasi cha nishati kinachoingia, na kiasi hicho kikipungua mno, huanza kupunguza matumizi katika shughuli zisizo za lazima kwa uhai wake, na uzazi ni mojawapo ya shughuli za mwanzo kuguswa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamke mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 35 ambaye ameamua kuujaribu utaratibu huu, na unaichukulia hedhi yake kuwa kipimo kikuu cha mwenendo wake. Ili kuepusha mkanganyiko, urefu wa muda umeandikwa kwa tarakimu, na saa ya siku imeandikwa kwa maneno.

Utafiti unasema nini

Sifa za utaratibu huu zilianzia kwa panya. Mwaka 2012 kundi la watafiti la Satchidananda Panda katika Taasisi ya Salk, jimboni California, lilionyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi ndani ya saa 8 tu kwa siku hawakunenepa kama wenzao waliokula chakula hichohicho wakati wowote walipotaka. Kwa binadamu mambo hayakuwa mepesi hivyo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 liliwafuatilia watu wazima 116 kwa wiki 12, wengine wakila kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku na wengine wakila milo mitatu ya kawaida, na mwishoni tofauti ya uzito kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya maana. Tena, kwa waliofunga ambao miili yao ilipimwa kwa undani, sehemu kubwa ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Miaka miwili baadaye, mjini Guangzhou nchini China, watu 139 wenye unene uliokithiri walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, baadhi yao wakitakiwa pia kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Waliobanwa saa walipungua kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba saa ndizo zilizosaidia. Kwa maneno mengine, saa haziyeyushi mafuta. Zinasaidia pale tu zinapomfanya mtu aache kula baadhi ya vile alivyokuwa akila, hasa vile vya usiku wa manane.

Kuna faida moja ambayo inaelekea kutokana na saa zenyewe, nayo hutegemea ni saa zipi. Mwaka 2018 watafiti wa Alabama waliwalisha wanaume 8 waliokuwa kwenye hatua ya kuelekea kisukari ndani ya saa 6, mlo wa mwisho ukiliwa kabla ya saa tisa alasiri, na wakakuta kwamba insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na shinikizo la damu lilishuka ingawa uzito wao haukushushwa. Sababu yake ni kwamba mwili hushughulikia sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Hata hivyo, msomaji atakuwa ameona kwamba washiriki wote walikuwa wanaume, na hilo ndilo tatizo la sehemu kubwa ya yanayosemwa juu ya mfungo wa namna hii. Wahubiri wa mitandaoni hupenda kumtaja Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyojisafisha kwa kula sehemu zake zilizochakaa. Ni kweli alipewa, lakini msingi wa kazi yake ulikuwa hamira, na hamira haipati hedhi.

Kwa wanawake ushahidi ni haba na una mapengo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia kwa wiki 8 wanawake wenye unene uliokithiri waliokula ndani ya saa 4 au 6, na kati ya homoni zilizopimwa ni moja tu, iitwayo DHEA, ambayo mwili huitumia kutengeneza homoni nyingine za kiume na za kike, iliyoshuka kwa takriban asilimia 14, huku testosteroni ikibaki ilipokuwa. Taarifa hiyo imetangazwa sana kama uthibitisho kwamba mfungo hauna madhara kwa homoni za kike. Lakini estrojeni na projesteroni zilipimwa tu kwa washiriki waliokwisha koma hedhi, hivyo kwa msichana wa miaka 24 swali kuu halikuulizwa kabisa. Kwa upande wa matumaini, utafiti mdogo wa China wa mwaka 2021 uliwafuata wanawake 15 wenye ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari, unaojulikana kwa kifupi kama PCOS, wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni kwa wiki 5, na zaidi ya theluthi mbili yao walipata nafuu katika mpangilio wa hedhi. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo matokeo hayo yachukuliwe kama dokezo tu, lakini ni dokezo lenye mantiki, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huambatana na insulini kufanya kazi kwa shida.

Jambo linalojulikana kwa uhakika zaidi linahusu kiasi cha nishati. Mwaka 2003 Anne Loucks na mwenzake walionyesha kwamba kwa wanawake vijana wenye hedhi ya kawaida, mapigo ya homoni ya LH, ambayo ndiyo huamuru yai kupevuka, huvurugika ndani ya siku 5 tu pale nishati inayobaki mwilini baada ya kutoa ile ya mazoezi inaposhuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili usio mafuta. Hesabu yake si ngumu. Mwanamke wa kilo 55 ambaye robo ya uzito wake ni mafuta anabakiwa na takriban kilo 41, na kilo 41 mara 30 ni kalori 1,230. Kiasi hicho si lengo la kufikia. Ni ukingo wa kutouvuka, na kiwango kinachotajwa kuwa cha kutosha ni karibu kalori 45 kwa kilo, yaani takriban 1,850 kwa mwanamke huyohuyo. Anayekula milo miwili midogo ndani ya saa 6 na kukimbia jioni anaweza kuwa chini ya ukingo huo kwa majuma mengi bila kujua, kwa sababu njaa nayo huzoeleka.

Nani asijaribu

Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya umri wa miaka 18 wasifuate utaratibu huu. Vivyo hivyo anayetafuta ujauzito kwa sasa, na yeyote ambaye kipimo cha uzito kwa urefu wake kiko chini ya 18.5, ambacho kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 ni uzito usiofika kilo 47 na nusu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide asibadili saa za kula bila daktari wake, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla na kumwangusha.

Kundi jingine huwa halitajwi sana katika mazungumzo yetu. Ni wale ambao wamewahi kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, kula kwa pupa hadi kushindwa kujizuia, kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha ili wapungue. Utafiti wa vijana 2,762 nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba karibu nusu ya wanawake walikuwa wamefunga kwa vipindi katika mwaka uliotangulia, na kwamba kufunga huko kuliambatana na tabia za aina hiyo. Utafiti huo hausemi kipi kilitangulia, lakini kwa mwenye historia hiyo mfungo unampa sababu yenye heshima ya kurudia jambo lilelile, na kwa maoni yangu hapaswi kuujaribu hata kwa wiki moja.

Maandalizi

Kabla ya kubadili chochote, andika tarehe za hedhi za miezi miwili au mitatu iliyopita, au kama hukuwahi kuzitunza, anza sasa na usubiri. Mzunguko wa kawaida wa mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35, na kinachotafutwa ni kujua wako ukoje ili mabadiliko yaonekane. Anayetumia sindano, kijiti, kitanzi chenye homoni au vidonge vya uzazi wa mpango afahamu kwamba njia hizo zenyewe hubadili au hutengeneza utokaji wa damu, hivyo hedhi haiwezi kumwonya, na itambidi ategemee dalili nyingine zitakazotajwa mbele.

Pili, pima wingi wa damu. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huhesabiwa pale hemoglobini inapokuwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Kama uko chini ya hapo, tibu kwanza upungufu huo. Kizunguzungu cha upungufu wa damu na kizunguzungu cha njaa havitofautiki kwa urahisi, na atakayevichanganya hatajua anachotibu.

Kuchagua saa

Anza na saa 12 za kula na 12 za kufunga, kwa mfano kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, na ukae hapo kwa wiki mbili au tatu. Kwa watu wengi hatua hii pekee inaondoa chipsi mayai za saa nne usiku, soda na biskuti zinazoliwa mbele ya televisheni, na wengi hawana haja ya kwenda mbali zaidi. Ukitaka kuendelea, sogeza mlo wa mwisho mapema hadi ufikie saa 10 za kula, kama vile kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Sishauri mwanamke kijana mwenye uzito wa kawaida ashuke chini ya saa 10, na saa 8 ziachwe kwa mwenye sababu ya kitabibu anayefuatiliwa na mtaalamu.

Makosa ya kawaida hapa kwetu ni kufanya kinyume, yaani kuruka kifungua kinywa, kushinda na chai ya rangi, kisha kula wali sahani nzima saa tatu usiku baada ya kutoka kazini. Mtu huyo anaweza kuhesabu saa 16 za kufunga kwa fahari, lakini ameweka mzigo mkubwa wa chakula wakati ambapo mwili uko tayari kidogo zaidi kuupokea, na ametumia saa zake za kazi akiwa na upungufu. Utafiti wa mwaka 2018 juu ya wanariadha wa kike wa mbio na michezo ya ustahimilivu ulionyesha kwamba waliovurugikiwa hedhi walikaa saa nyingi zaidi za siku wakiwa na upungufu mkubwa wa nishati kuliko wenzao wenye hedhi ya kawaida.

Ninajua kwamba kwa anayepanda daladala saa kumi na moja alfajiri na kurudi nyumbani saa mbili usiku ushauri huu una ugumu wake. Suluhisho linalofaa ni kubeba kifungua kinywa na kukila kazini, kula mlo mkubwa wa siku mchana kwa mama lishe, na kubeba kitu cha kula saa kumi na moja jioni kabla ya safari ya kurudi, kama mayai ya kuchemsha, karanga au ndizi, ili mlo wa nyumbani uwe mdogo. Kama haiwezekani, kaa kwenye saa 12 kutoka saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku na usijilaumu. Nyumbani nako ni vema kueleza mapema, kwa sababu binti akikataa sinia ya familia bila maelezo, wazazi hudhani anaumwa au amekasirika, na mara nyingi huishia kula mara mbili kwa kuwaridhisha.

Nini kiliwe ndani ya muda huo

Muda wa kula ukifupishwa, kila mlo unapaswa kubeba zaidi. Kitu cha kwanza kuhakikisha ni protini, ambayo hulinda misuli uzito unapopungua. Kiasi cha gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kinatosha, yaani gramu 66 hivi kwa mwanamke wa kilo 55, na hakihitaji unga wa makopo unaouzwa kwa bei ya kutisha. Mayai mawili yana takriban gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 22, glasi ya maziwa 8 na konzi ya karanga 7, na hapo umefika 64 kwa vyakula vya sokoni. Asiyemudu samaki kila siku atumie dagaa, ambao kwa kuwa huliwa pamoja na miba yao hutoa pia madini ya kalisi, na mifupa ya mwanamke bado inajengwa katika miaka ya ishirini.

Wanga usiondolewe. Mtu anayefupisha muda na papo hapo kuacha ugali, wali, mihogo na viazi anafanya mifungo miwili kwa wakati mmoja, na huo ndio mchanganyiko ambao huangusha nishati kwa haraka zaidi. Punguza sukari na maandazi ukipenda, lakini bakiza uji wa ulezi, viazi vitamu, ndizi za kupika na ugali wa dona.

Madini ya chuma yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya damu inayopotea kila mwezi. Nyama, maini, dagaa, maharage, choroko, mchicha na matembele vina madini hayo, na yale yaliyomo kwenye mboga na kunde hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na limau, chungwa au embe. Chai na kahawa huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo desturi ya kushushia chakula kwa chai ya rangi ihamishwe angalau saa 1 baada ya mlo. Saa za kufunga unaweza kunywa maji kwa wingi, na chai au kahawa isiyo na sukari wala maziwa. Kijiko cha sukari kinavunja mfungo, na asali nayo inavunja, hata kama muuzaji wake ataapa vingine.

Siku za hedhi, mazoezi na dawa

Siku kadhaa kabla ya hedhi njaa huongezeka, na kwa wengi matumizi ya nishati ya mwili hupanda kidogo. Katika siku hizo rudi kwenye saa 12 au uache kufunga kabisa, kisha uendelee hedhi inapoanza kupungua. Hakuna kinachoharibika kwa kupumzika.

Anayepata maumivu makali ya tumbo la hedhi na kutumia ibuprofen au diclofenac asizimeze tumbo likiwa tupu usiku wa manane kwa kuogopa kuvunja mfungo. Dawa za kundi hilo, pamoja na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ndizo visababishi vikuu vya vidonda vya tumbo. Kuruka mlo peke yake hakuvianzishi, ingawa mwenye vidonda tayari anaweza kuumia zaidi akikaa na njaa. Kula kitu kidogo, meza dawa, na uuhesabu usiku huo kuwa si wa kufunga. Vidonge vya uzazi wa mpango na vya madini ya chuma navyo vimezwe kwa saa ileile iliyopangwa, na vikileta kichefuchefu vihamishiwe kwenye mlo.

Mazoezi mazito yafanywe ndani ya muda wa kula, au mlo ufuate mara tu baada yake. Kukimbia alfajiri na kukaa hadi saa sita mchana bila kula ni njia ya haraka ya kujiingiza kwenye upungufu ulioelezwa awali.

Mwezi wa Ramadhani

Saumu ya Ramadhani ni ibada yenye sheria zake, na haifanani na utaratibu huu, kwani maji nayo huzuiwa na chakula huliwa usiku. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mtu hufunga zaidi kidogo ya saa 13. Ushauri wa afya hapa ni mdogo tu: usiruke daku, usigeuze mwezi huo kuwa wa kupunguza uzito kwa kufuturu tende na maji pekee, na usiongeze saa zako za binafsi juu yake. Mwenye siku za kulipa kutokana na hedhi azihesabu kuwa ndizo mfungo wake kwa juma hilo.

Dalili za kusimama

Simama pale mzunguko unapobadilika kwa zaidi ya siku 7 kulinganisha na kawaida yako kwa miezi miwili mfululizo, au damu inapokuwa haba kuliko ulivyozoea. Dalili nyingine ni kuhisi baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, nywele kung'oka kwa wingi, usingizi kukatika saa tisa usiku, hasira zisizo na sababu, na uzito kushuka kwa zaidi ya kilo 1 kwa wiki baada ya wiki mbili za mwanzo. Ipo pia dalili ambayo mizani haioneshi: kuwaza chakula kutwa, kukwepa mialiko ya harusi na matanga kwa sababu ya saa, au kujiadhibu kwa kurefusha mfungo baada ya kula kipande cha keki.

Kusimama kufanyike kwa kurudisha kwanza kifungua kinywa, kisha mlo mdogo wa kati, huku mazoezi yakipunguzwa kwa majuma machache. Hedhi ikikosekana, pima ujauzito kabla ya kitu kingine chochote. Kama haupo na miezi mitatu imepita bila damu, nenda kituo cha afya ukiwa na tarehe zako zilizoandikwa, umweleze mhudumu wazi saa ulizokuwa ukila na uzito uliopungua, kwa sababu asipoambiwa hayo anaweza kukuandikia vidonge vya kuleta damu, na damu hiyo itatoka hata kama ovari bado zimelala. Vipimo vya kuulizia ni homoni za tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), FSH (homoni inayokuza mayai kwenye ovari) na estrojeni, pamoja na wingi wa damu.